Boti Inayosema Kijapani

Sisi ni watu wa migomba.
Tezi na omo tulizikuta kwenye methali,
mtihani wa darasa la saba, swali la kumi na nne,
na nilikosa.

Lakini Duluti ina gati, na gati lina nguzo tatu za mkaratusi,
na kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kudaka kamba.
Boti ya Mama Eliakunda hubeba watu kumi na wawili:
maharusi wa Jumamosi, wanakwaya kutoka Usa River,
wanachuo wanaoyapiga maji picha kabla ya kuyatazama.
Ikirudi, upepo wa Meru huteremka saa tisa bila hodi,
huisukuma ubavu-ubavu
kama mlevi anayetafuta mlango wake.
Hapo ndipo nilipohitajika:
mguu mmoja gatini, mmoja hewani,
mkono mbele.

Mwaka juzi, sherehe ya kipaimara ya mtoto wa watu,
boti ilifika kabla ya kamba.
Kidole cha pete. Uchungu ulichelewa; nilisikia mlio kwanza,
kama muwa.
Mama Eliakunda alilipa hospitali, akaleta na pilau.
Hatukulizungumza tena.

Ndipo akaja Nderingo, fundi wa Unga Limited,
anayechinja Noah zilizopata ajali.
Kwenye begi la shule: sensa nane za bampa
(aliposema sensa nilidhani anakuja kuhesabu watu),
pampu mbili za kisima, betri ya sola,
simu yenye kioo kilichochanika kama ramani ya mito.
Akaitoboa boti. Mama Eliakunda akageuza uso
kama mzazi ambaye mwanawe anadungwa sindano.

"Pampu hii inasukuma kushoto, hii kulia.
Sensa zinapima, simu inaamua. Wewe unakaa."
"Nakaa wapi?"
Hilo hakuwa amelifikiria.

Jaribio la kwanza iligonga nguzo.
La pili ikazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.
La tisa, jioni ya gulio la Tengeru, ikaja yenyewe,
polepole, ubavu sambamba na mbao,
tii... tii... tii-tii-tii,
halafu sauti ya mwanamke, ya adabu kupita kiasi,
ikasema neno refu la Kijapani.
Nderingo hakujua maana yake. Hakujua pia namna ya kumnyamazisha.
Sasa watoto wa Tengeru wakitembea kinyumenyume
humwigiza.

Niliichukia mwezi mzima, sitaficha.
Nilisimama gatini
kama mshenga aliyekuta mahari imeshalipwa.

Kisha, Februari, boti ikasimama nusu mita kutoka gatini
ikakataa.
Abiria walipiga makofi, walipiga kelele,
bwana harusi akapiga simu.
Nderingo akazifuta sensa kwa shati, akazipuliza.
Mimi ndiye niliyemwona: kenge,
kajilaza ukingoni, mkia unaning'inia pengoni,
anaota jua kama mwenye gati.
Watu wakaangua kicheko: kumbe hata msafara wa harusi, kenge yumo!
Mimi sikucheka.
Mashine haikumjua kenge. Haikujua mkia ni nini.
Ilijua tu kwamba kati yake na mbao kuna kitu,
ikangoja.

Jioni, wote wameondoka, nikamwomba Nderingo
aitoe boti nje, ailete tena.
Hakuuliza kwa nini. Akabonyeza.
Nikapiga magoti, nikauingiza mkono pengoni,
ule wenye vidole vinne.
Maji yalikuwa ya kijani, Meru imesimama humo kichwa chini.
Tii.
Tii.
Nilitaka kuutoa. Sikuutoa.
Tii-tii-tii,
na yule mwanamke akasema neno lake refu,
na boti, uzito wote ule,
ikatulia shubiri moja kutoka kwenye kucha zangu,
pampu zikinong'ona kushoto, kulia, kushoto,
kama mgeni anayehamisha uzito mguu hadi mguu
mlangoni,
akisubiri useme karibu.